Sado Iliyobonyea Kitako

Juzi binti wa dada yangu, Fabiola, alikuja hapa kijijini kwangu, Daudi, kunipa shikamoo na kunionyesha kazi yake mpya. Kazi yenyewe ilikuwa imening'inia shingoni: kitambulisho cha mdadisi wa takwimu, na kishikwambi kwenye mkoba wa kamba. Nikampa kiti na kikombe cha uji. Kabla hajaumaliza akaniambia kwamba siku hizi hawahangaiki sana na mizani, maana mashine ina akili. Ukiandika bei iliyopishana mno na ya mwezi uliopita, inakataa. Inakuuliza kama una uhakika.

Nikamwuliza, na ukiandika ileile ya mwezi uliopita, inakuuliza?

Akasema hapana mama mdogo, hapo inapita.

Nilishtuka, sitaki kuficha. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, Fabiola na wenzake wote mnaoanza kazi hii mkiwa na viatu vipya. Mimi nimestaafu. Miaka yangu ya kazi niliimaliza kwenye minada na maduka ya Mbulu na Hanang, nikiuliza bei ya vitu ambavyo mara nyingi sikuwa na nia ya kuvinunua. Na niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka kwamba hata mayai ya kuku wangu mwenyewe nayatikisa kwanza sikioni. Ni kweli nayatikisa. Mtu mmoja tu ndiye niliyesahau kumshuku, na nitawaambia ni nani.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Tluway, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Alinieleza mfumuko wa bei siku ya kwanza, tumekaa juu ya magunia ya viazi, na sijasikia aliyeueleza vizuri zaidi. Alisema serikali imetengeneza kapu la kufikirika. Ndani yake imeweka vitu ambavyo watu hununua: unga, sukari, mafuta ya taa, nauli, sabuni. Kila kitu kina uzito wake kulingana na jinsi watu wanavyokitumia. Sisi tunatumwa kila mwezi kuuliza vitu vilevile, mahali palepale, kwa kipimo kilekile. Kapu likigharimu zaidi kuliko lilivyogharimu mwaka jana mwezi kama huu, tofauti hiyo ndiyo inayosomwa redioni.

Halafu akanitazama. "Sasa wewe binti, kazi yako ni kutokuamini hayo maneno matatu. Vilevile, palepale, kilekile."

Nikaitikia ndiyo mzee, kama ninyi mnavyoitikia kwenye semina, huku mawazo yakiwa kwenye posho.

Neno la kwanza, vilevile, lilinipata mapema. Kulikuwa na duka kijijini Nambis ambalo lilikuwa na kopo moja la jamu. Fomu ilitaka bei ya jamu, kwa hiyo kila mwezi nilisimama mbele ya lile kopo, nikauliza bei, nikaandika. Mwaka mzima jamu haikupanda hata senti. Nikajisifu kwa mzee Tluway kwamba jamu ya Nambis imetulia kuliko vitu vyote. Siku moja akaja mwenyewe. Akalichukua kopo, akaligeuza, akanionyesha alama za vidole kwenye vumbi. Vilikuwa vidole vyangu, vya mwezi uliopita na wa kabla yake. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuligusa. Mwenye duka hakuwa na sababu ya kupandisha bei ya kitu ambacho hakiuziki, na mimi nilikuwa nimepeleka huko juu habari njema za kopo lililokufa.

Tulicheka mpaka mwenye duka akakasirika. Lakini jiulizeni: kapu hilo limepangwa kwa kufuata tumbo la nani? La mtu wa Nambis anayekula ugali na mboga ya kienyeji, au la mtu wa mjini anayepaka jamu kwenye mkate? Wastani ni wa wote, na kwa hiyo si wa mtu yeyote. Mtu wa Hirbadaw, kule chini Hanang kwa wafugaji, anayeuza mbuzi ili anunue mahindi, mbuzi wakishuka na mahindi yakipanda, kwake hiyo ni njaa. Kwenye karatasi, kimoja kimeshuka, kingine kimepanda, vinafutana, mambo shwari.

Kuna na hizi dodoso za ajira, ambazo nazo mtakuja kuzibeba. Swali linauliza kama katika siku saba zilizopita umefanya kazi hata kwa saa moja, kwa malipo ya aina yoyote. Nambis hapohapo nilimkuta kijana, Emanueli, amemaliza kidato cha nne, amekaa kwenye ukuta wa mawe anatazama barabara. Ana kazi? Hana. Wiki hii hajafanya chochote? Akakumbuka alimsaidia jirani kubeba vitunguu saumu, akapewa mafungu mawili ya kupeleka nyumbani. Kwa saa ngapi? Kama mbili hivi. Basi nikamwandika ana ajira, kwa sababu ndivyo kanuni inavyosema. Alipojua alicheka sana. Akaniomba nimwandikie barua aipeleke kwa baba wa mchumba wake, maana huko wamemkataa kwa kukosa kazi na sasa serikali yenyewe inathibitisha anayo.

Na kwenye nyumba ya pili mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo, akakamua, akateka maji, akapalilia, akapika, alisemewa na mume wake kwamba huyu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani. Msikubali mtu asemewe na mwenzake. Mwanaume akisema yupo tu, geukeni mumwulize mwenyewe jana alifanya nini tangu alipofungua macho.

Tena msije mkaingia kwenye boma la wafugaji mkauliza ng'ombe wangapi. Niliuliza hivyo mara ya kwanza nilipotelemka Hanang. Mzee mmoja akaniambia, "Wapo." Nikauliza wangapi. Akasema wanatosha kuchungwa. Kuhesabu mifugo ya mtu mbele yake ni kuitakia mabaya, na zaidi ya hapo, nusu ya wale uliowaona bomani ni wa rafiki yake aliyempa awatunze, na wa kwake wako kwa rafiki mwingine. Ukiwaandika kwa haraka utamtajirisha maskini na kumfukarisha tajiri ndani ya dakika tano.

Hayo yote niliyajua. Nimeyataja makusudi, ili muone kwamba aliyekosea hakuwa mjinga wala mgeni.

Mzee Tluway alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka inachosha. Nunua, usiulize. Anayeuliza anapewa maneno. Anayenunua anapewa mahindi, na mahindi yanapimwa. Ndiyo maana tulipewa fedha kidogo ya kununulia, na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Unanunua sado moja ya mahindi, unapima kilo, unaandika bei na kilo. Sado mnaijua, lile kopo la bati la rangi ya nyumba ambalo tunapimia nafaka huku kwetu. Kila soko lina sado, na kila mtu anaamini kwamba sado ni sado.

Alipostaafu aliniachia mizani yake mkononi, na ile minada ya Hanang. Mwaka wa kwanza niliibeba. Mwaka wa pili niliibeba mara mojamoja. Halafu nikaacha.

Sababu? Ilikuwa nzito, na pale mnadani Hirbadaw muuza mahindi mkubwa alikuwa Baba Martini. Huyu alikuwa mtu wa hapahapa Daudi. Jumuiya moja na mimi. Tulisali rozari kwa zamu nyumbani kwake na nyumbani kwangu, na mume wangu alipofariki ni yeye aliyesimamia kuchimba kaburi. Alikuwa akipeleka mahindi kule chini kwa wafugaji kila mnada. Nikifika ananivutia kigoda, ananiuliza habari za nyumbani. Nikimwuliza bei ananiambia, "Ileile, Mama Paskalina." Nami naandika ileile. Wenzake wote wawili pale walikuwa wanafuata bei yake. Mambo yanakwisha kabla jua halijawa kali. Mimi ninayetikisa mayai yangu mwenyewe sikuwahi kulitikisa neno la mtu wa jumuiya yangu.

Mwaka ninaowasimulia, mvua ilikata mapema. Huku juu tulipata kidogo, kule chini hawakupata kitu. Niliona kwa macho. Mbuzi walikuwa wanaletwa mnadani mbavu nje, wanaondoka kwa bei ya kutupa. Nikajiambia, ajabu, lakini mahindi yametulia. Niliandika ajabu hiyo miezi mitano mfululizo.

Siku moja mama mmoja wa kule, Mama Gidamis, alikuja na kusimama mbele ya kigoda changu. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa mjane, nguo yake ya ngozi imechakaa pindoni, amemshika ng'ombe kwa kamba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuna neno lake lililonipita.

"Mama, wewe ndiyo uliandika bei imetulia?"

Nikauliza ameyasikia wapi. Akasema kwenye mkutano wa kijiji. Walikuwa wameuliza kwa nini kata nyingine zimeletewa mahindi ya bei nafuu ya serikali na wao hapana. Wakasomewa karatasi. Kwao soko limetulia, hawamo kwenye orodha.

Nikamwambia, kwa upole wa mtu anayejua kwamba yuko sahihi, kwamba mimi naandika bei ninayoikuta na bei ni ileile, amwulize Baba Martini mwenyewe.

Hakubishana. Alimpa kijana aliyefuatana naye kamba ya ng'ombe, akafunua mfuko, akatoa sado. Ilikuwa sado ya zamani, rangi imeisha yote, kitako chake kimenyooka. Akaenda kwa Baba Martini akanunua sado moja, kwa bei ileile kabisa. Baba Martini akachota, akasawazisha juu kwa kiganja, akammiminia mfukoni. Mama Gidamis akayamwaga mahindi yale kwenye sado yake mbele yangu. Yaliishia chini ya mdomo, vidole vinne vizima.

Nilinyanyuka, nikaichukua sado ya Baba Martini, nikaigeuza. Kitako kilikuwa kimebonyezwa kwenda ndani, kimegongwa taratibu kwa nyundo ya mpira au kwa jiwe lililofungwa kitambaa, kiasi kwamba ukiiona imekaa chini huwezi kujua. Nikakumbuka pia kwamba zamani sado ilikuwa inauzwa na kilemba, mlima wa mahindi juu, na ukiongea vizuri unapewa nyongeza ya viganja viwili. Nyongeza iliondoka lini? Kilemba kilianza kusawazishwa lini? Nilikuwa nimekaa palepale kwenye kigoda kila mwezi nikitazama.

Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta mizani. Mizani ilikuwa Daudi, imening'inia jikoni kwangu. Nilikuwa napimia vitunguu saumu vya shamba langu.

Baba Martini wala hakukimbia. Hata kuona aibu hakuona, jambo ambalo lilinichanganya zaidi. Alinivuta pembeni akaniambia kwa kilugha chetu, na ninawatafsiria kama alivyosema.

"Nikipandisha bei wataniita mwizi, na huko nyumbani mtaniombea kwenye jumuiya. Nikipunguza kipimo, wanasema mwaka ni mbaya."

Ndivyo ilivyo huku kwetu, vijana. Bei ni neno, linasemwa kwa sauti, jirani anasikia, mkwe anasikia. Mtu ataogopa kuitamka bei kubwa mbele ya watu wanaomjua. Kipimo hakitamkwi. Kwa hiyo mwaka mbaya ukija, msiutafute kwenye midomo ya watu, utafuteni kwenye kitako cha sado, kwenye kipande cha sabuni kilichokatwa chembamba, kwenye kijikaratasi cha sukari kilichokunjwa vizuri kuliko kilivyojazwa.

Mama Gidamis alikuwa bado amesimama. Nikamwambia nitarekebisha, nitaandika upya leo hiihii, ampeleke ng'ombe nyumbani asubiri. Akaniuliza asubiri mpaka lini. Akaniambia ng'ombe yule ni uzao wa ng'ombe aliyepewa siku aliyoingia nyumbani kwa mume wake kama bibi harusi, na ndiye wa mwisho anayetoa maziwa. Ana watoto wawili wanaokunywa maziwa hayo na hawana kitu kingine. Asipomwuza hawali ugali. Akimwuza hawanywi maziwa. Alisema hivyo bila kulia, anahesabu kwa vidole, kimoja, viwili.

Akaenda upande wa ng'ombe. Alimwuza kwa bei ndogo sana, maana siku hiyo kila mtu alikuwa anauza.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo sikuwahi kuisimulia hata kwa dada yangu. Siku hiyo nilikuwa na fomu mbili. Ya pili ilikuwa ya mifugo iliyouzwa mnadani, ambayo inakwenda kwenye hesabu za ukuaji wa uchumi. Nikaijaza. Ng'ombe wa Mama Gidamis nilimwandika kwa mkono wangu, mstari mmoja na wengine. Idadi ilikuwa kubwa kuliko mwezi wowote niliowahi kuandika. Ukiisoma karatasi ile bila kuwa pale, utasema Hirbadaw biashara imechangamka, watu wana mali wanauza. Mtu anayeuza ndama wa faida na mtu anayeuza maziwa ya watoto wake wanakaa kwenye safu moja, na hakuna nafasi ya kuandika kwamba huyu alihesabu kwa vidole kwanza.

Kesho yake nilipanda ofisini na namba mpya, kilo kwa kilo, maana kabla ya kuondoka mnadani nilinunua sado moja ya mahindi, na jioni ileile nikayapima kwa mizani jikoni kwangu Daudi. Bosi wangu, kijana mwenye heshima zake, alitazama akasema mama, hii haiwezekani. Bei ya kilo haiwezi kuruka hivi ndani ya mwezi mmoja, umekosea mahali. Nikamwambia haikuruka ndani ya mwezi mmoja. Akaniuliza basi ilianza mwezi gani.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa na karatasi tano zenye saini yangu zinazosema hakuna kilichotokea. Ushahidi uliompinga Mama Paskalina ulikuwa wa Mama Paskalina. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mara hii guu lililovunjika halikuwa langu. Ikabidi nipime tena mwezi uliofuata, na mdadisi mwingine akaja kupima nyuma yangu kuhakikisha sidanganyi. Wala simlaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Mahindi ya bei nafuu yalifika Hirbadaw nyasi zimeshaota. Watoto wa Mama Gidamis walikuwa wameshapelekwa kwa kaka yake upande wa Basotu, kufuata maziwa. Walikaa huko mpaka wakawa wakubwa kiasi cha kuchunga, na nilisikia kwamba yule mdogo aliporudi alikuwa anamwita mama yake shangazi. Iliniuma, na inaniuma sasa ninapoiandika.

Baba Martini tuliendelea kusali naye. Sado yake niliinunua, ninayo hapa, nawekea mbegu za maboga. Kuanzia siku ile mpaka ninastaafu sikuwahi kwenda mnadani bila mizani, na sikukaa tena kwenye kigoda cha mtu. Mama Gidamis naye alianza tabia yake. Kila nilipofika Hirbadaw alikuja akasimama kando yangu, hana la kuniambia, mpaka nimalize kuandika. Halafu anaashiria karatasi kwa kidevu. Hasomi, lakini tarakimu alijifunza. Namwonyesha. Anaitazama kwa muda wake, ndipo anaondoka.

Nilimsimulia Fabiola haya yote na uji ukapoa. Nikamtolea mizani. Aliichukua kwa adabu, lakini niliona anavyoitazama ndoano yake yenye kutu, nikashuku kwamba itaishia jikoni kwake.

Jana simu ikalia. Alikuwa Hirbadaw, ni siku ya mnada, nyuma yake nasikia ng'ombe. Akaniambia amenunua, amepima, na bei ya kilo imekwenda juu. Ameiandika, mashine imeikataa. Ameiandika tena, imekataa tena, inamwuliza kama ana uhakika. Vijana wenzake wanamsubiri kwenye pikipiki. Akauliza, "Mama mdogo, si niweke tu ile ya mwezi uliopita, halafu mwezi ujao niiongeze kidogo?"

Nikamwuliza kitako cha sado amekigeuza. Akasema amekigeuza, kimeingia ndani. Nikamwambia ajibu ana uhakika, na mashine ikiuliza mara kumi, ajibu mara kumi.

Akasema sawa. Halafu akashusha sauti, akaniambia kuna jambo jingine linamsumbua. Kuna bibi mmoja amemsimamia hapo kando tangu alipoanza kupima. Hasemi kitu. Anaashiria kishikwambi kwa kidevu, hataki kuondoka. Amwambie asogee?

Nikamwambia, "Mpe shikamoo kwanza. Halafu mwonyeshe."

Simu ikakatika hapo. Mtandao wa kule ni hivyohivyo. Mwezi ujao nitapanda pikipiki mwenyewe mpaka Hirbadaw, nikamwulize bibi yule kama alionyeshwa.